Ndugu mlioko Dar, nyumba yangu ya Uyole siyo chekechea ya Desemba

Wakuu, salamu nitawapa siku nyingine. Leo nina hasira, niacheni niseme, halafu mtanitukana baadaye.

Wangu ni watatu. Mkubwa yuko darasa la tatu, wa mwisho usiku bado anavaa nepi. Tangu shule zifungwe wameongezeka wengine wanne, watoto wa mawifi zangu wawili wanaoishi Dar. Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, hapa Uyole, Mbeya. Nani analala wapi, pigeni hesabu wenyewe. Mzungu wa nne tumeshapita, sasa tuko mzungu wa saba.

Taarifa ya ugeni nilipewa hivi. Saa tano asubuhi simu inaita: "Wifi, habari za huko? Watoto wameshapita Morogoro, jioni mtawapokea pale stendi ya Nanenane." Wameshapita Morogoro! Siyo "wifi, mna nafasi?", siyo "tunaomba". Mdogo wao ana miaka mitatu. Miaka mitatu, zaidi ya kilomita 800, hana mama wala baba kwenye basi. Mnatuma watoto kama vifurushi, na hata kifurushi mtu anapiga kwanza kuuliza kama mpokeaji yupo.

Nikauliza wako na nani. Eti wako na dada wa kazi. Kumbe huyo dada ni wa Njombe, alikuwa anakwenda kwao. Kashukia Makambako na begi lake, watoto akamwachia kondakta na mama mmoja msamaria waliyekuwa wamekaa naye siti moja. Toka Makambako mpaka Uyole bado kuna Igawa, bado Chimala, bado Igurusi, bado Inyala. Ni saa tatu za barabara ya malori, usiku unaingia, mvua inanyesha. Huyo mama aliyembeba mdogo mapajani mpaka stendi hata jina lake sikumuuliza, Mungu ambariki, yeye si ndugu.

Sasa msinidanganye kwamba watoto wanakuja "kumwona bibi" na "kujua kwao". Mnajua na mimi najua. Kila Desemba madada wa kazi wa Dar wanaomba ruhusa kwenda kula Krismasi nyumbani, na wengi wao nyumbani ni Iringa na Njombe. Dada akiondoka, mama yuko kazini, baba yuko kazini, shule imefungwa. Atakaa nao nani? Ndipo mnapokumbuka kuwa Mbeya kuna mjomba. Ndipo bibi wa Tukuyu, ambaye tangu Januari hamjamtumia hata kilo ya sukari, ghafla "amewakumbuka wajukuu zake". Na mimi dada wangu kaondoka vilevile! Yeye ni wa Makete, ana mama yake, ana haki yake ya kula pilau kwao. Hilo mlilifikiria?

Mtu angesema ukweli tu, "wifi, dada kaondoka, nimekwama, nishikie watoto wiki mbili, matumizi haya hapa", mimi ningewapokea kwa vigelegele. Kinachoniuma ni kufanywa mjinga.

Mimi nauza viatu vya watoto Mwanjelwa. Mwenye biashara hii anajua: mwaka mzima tunauza tusife njaa, lakini hela yenyewe inapatikana kati ya tarehe 10 na tarehe 24 Desemba, kila mzazi anapotafuta raba na sendo za sikukuu. Mwaka huu siku hizo nimezimaliza nikifua. Kibanda nilimwachia kijana wa jirani, naye kashusha bei anavyojua yeye. Mzigo niliokopea bado umebaki nusu. Januari nani anaununua? Januari watu wanatafuta madaftari na sare.

Halafu kuna ile kauli yenu, "Mbeya si kuna kila kitu, chakula bure". Nani kawaambia? Nyie mkija Julai mnaona magunia, mnadhani yanakaa hivyo mwaka mzima. Huku mahindi tunavuna kuanzia Mei na kuendelea. Mpunga wa Kyela na wa Mbarali, hivyo hivyo, katikati ya mwaka. Desemba ni kupanda na kupalilia, wakuu. Gunia la mwisho limeshafunguliwa na linachungulia sakafu. Hela ya nyumba yote imelala shambani Inyala: mbegu, DAP ya kupandia, na UREA ya kukuzia bado hatujainunua. Hiyo mbolea ya ruzuku mnayoisikia kwenye redio nayo ina bei, haigawiwi kama pipi. Yaani Krismasi inatukuta huku tukiwa wakavu kuliko mwezi wowote, na ndio mwezi mnaotuletea midomo minne pamoja na oda: "Wakirudi wapeni na mchele wa Kyela, na ndizi, na viazi kidogo." Kidogo kwenu ni gunia.

Na hiyo midomo minne inachagua! Napika makande, wanatazamana. Mkubwa wao kaniambia kwa adabu kabisa, "Anti, sisi hatulagi hivi." Nikamwambia, "Hapa tunalaga." Alikula. Lakini mdogo hali chochote isipokuwa chipsi na soseji, na mama yake kwenye simu ananiambia "mpe tu anachotaka wifi, ni mtoto". Kwa hela gani? Kwa watoto wanne mmetuma elfu 50, mwezi mzima.

Tuje kwenye begi. Nimefungua begi la watoto wanaokuja Mbeya msimu wa mvua: kaptula, vesti, yeboyebo, nguo ya kuogelea. Sweta hakuna. Soksi hakuna. Huyu wifi yangu hakuzaliwa Zanzibar, amezaliwa na kukulia Tukuyu, kuna mvua na ukungu mpaka nguo zinaota ukungu kabatini! Anajua fika. Tangu Novemba mpaka Mei hali ni hii hii. Anamfungia mwanawe nguo ya kuogelea, ataogelea wapi, kwenye mtaro?

Mtoto wa joto ukimlaza kwenye baridi anakojoa. Simlaumu, kibofu hakina ukoo. Lakini nyie mliowahi kukausha godoro Mbeya mwezi Desemba mnanielewa. Linalowa saa kumi alfajiri. Saa mbili jua linachungulia, nalitoa nje. Saa nne wingu limeshashuka toka milimani, nalirudisha ndani bichi. Usiku linalowa tena kabla halijakauka la jana. Magodoro mawili yameshaoza katikati, harufu sasa ni ya nyumba nzima, hata kitenge changu cha kanisani kinanuka. Nguo za watoto saba ziko kwenye kamba tuliyofunga sebuleni, mgeni akiingia lazima ainame. Luku inaisha kwa kukausha chupi na pasi. Na wakati huo huo king'amuzi hakizimwi, maana watu wa Dar kutwa nzima ni katuni, nje kuna matope na wao hawachezi kwenye matope.

Wangu wanacheza kwenye matope. Kwa hiyo jioni naogesha makundi mawili ya aina mbili.

Siku chache kabla ya sikukuu ukaja mzigo kwa basi. Nikasema afadhali, wamekumbuka. Nafungua: nguo mpya za Krismasi, jozi nne, kila moja na kikaratasi cha jina. Gauni la kumeta, suti ndogo na tai. Wangu watatu wamesimama pembeni wanaangalia begi linavyotolewa vitu, wanasubiri majina yao. Mkubwa alielewa, akatoka nje. Wa katikati akauliza, "Yangu iko chini?" Wifi, hata soksi ungetupia. Hata peremende. Nilikwenda kibandani usiku nikachukua viatu vitatu kwenye mzigo wa mkopo ili wanangu nao waingie kanisani na kitu kipya.

Siku yenyewe tukaenda Tukuyu kwa wakwe, watoto saba kwenye Noah moja. Kwa wasiojua mila za Kinyakyusa: mkamwana hakutani na baba mkwe, hakai naye sebule moja, hamsemeshi. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, nimeikuta nikaipokea, na kwa mzee wetu bado inafuatwa. Sasa fikirini: mzee yuko sebuleni, yule wa miaka mitatu kaingia kashika kikombe cha chai ya moto, mimi niko mlango wa jikoni siruhusiwi kuingia wala kuita. Nilikuwa napiga makofi nyuma ya ukuta kama naita kuku. Mjomba wao? Yuko nje chini ya mgomba na wenzake, anasimulia mpira. Chai ilimwagika kwenye zulia. Mtoto hakuungua, tushukuru.

Jioni tumerudi, nimewalaza, nafungua simu. Stetasi ya wifi. Yule aliyesema "tutakuja tarehe 24 tuungane nao", kisha ikawa "mabasi yamejaa". Yuko Kigamboni ufukweni, miwani, mkononi dafu, kaandika "tunapumzika kidogo, mwaka ulikuwa mgumu". Hapo ndipo damu iliponipanda, na haijashuka mpaka leo hii tarehe 27 ninapoandika. Mwaka ulikuwa mgumu! Mwanao juzi usiku kifua kimembana, nimembeba mgongoni kwa bodaboda na mvua ile, hospitali wanataka kadi ya bima, kadi iko kwenye droo huko kwako. Nimelipa taslimu. Ukasema "pole wifi, nitarusha". Unarusha kutoka wapi, maana mpaka sasa haijatua.

Badala ya hela kinachokuja ni ratiba. "Wapelekeni Matema wakaone ziwa." "Wapelekeni Daraja la Mungu." "Kimondo cha Mbozi je?" Mwingine kataja Ziwa Ngosi, kule ambako mtu mzima anapanda mlima msituni akishika mizizi, nipande na mtoto wa miaka mitatu mgongoni na mwenye nepi mbele.

Baba watoto nikimwambia anajibu, "Hao ni wapwa zangu, niwafukuze?" Nani kasema ufukuze? Nimesema uwapigie dada zako uwaambie, basi. Hawezi. Mbele ya dada zake anakuwa mpole ajabu. Asubuhi anaondoka kabla hawajaamka, usiku anarudi wameshalala, anasema nyumba imechangamka.

Nina mama Kilolo. Huu ndio msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kaka zangu wote wanarudi nyumbani, kila mwaka napigiwa simu naulizwa "unakuja?" na kila mwaka nina wageni.

NYONGEZA, usiku huu huu. Nimesoma majibu yenu.

Mkuu uliyesema nina roho mbaya, kwamba zamani watoto walilelewa na ukoo: hiyo zamani naijua, nimelelewa nayo. Mtoto akija likizo alikuja na mama yake, au na sukari, sabuni na mafuta ya taa, na akifika alichota maji na kuchunga mbuzi. Na kijijini palikuwa na bibi, shangazi na mama wadogo boma moja. Hapa Uyole niko peke yangu na beseni. Ukoo ni nani, mimi?

Uliyeuliza kwa nini nisiwaache kwa bibi Tukuyu: bibi ana presha na magoti, choo kiko nje kwenye mteremko unaoteleza. Nimwachie wanne nimuue?

Yule wa "usiwachukie watoto": siwachukii. Mkubwa wao ni mtoto mzuri, ananiosheaga vyombo bila kutumwa, na yule mdogo usiku akiamka akilia mama yake ni mimi ninayembeba mpaka alale. Naongea na watu wazima.

Na kwa mnaouliza nitafanya nini, nimeshafanya. Leo mchana nimekwenda Nanenane nikakata tiketi za tarehe 3 Januari, kwa hela ya UREA. Mjomba ndiye anayewasindikiza wapwa zake mpaka Mbezi, hajui bado, atajua kesho. Basi ni hilo hilo, mimi na wanangu tunashukia Ipogolo, Iringa, tunakwenda Kilolo mpaka shule zifunguliwe. Mchele wa Kyela haumo kwenye mzigo.

Wifi, najua humu unapitaga. Basi linaingia usiku, msichelewe stendi. Ile hela ya hospitali mpe kaka yako mkononi, usirushe.