Naomba ushauri: kuhakiki faili za .deb zinazobebwa kwa flashi

Ndugu zangu, faili za .deb (vifurushi vya programu vya mfumo wa Debian) zinapakuliwa Kampala, kisha zinabebwa kwa flashi hadi Gulu kwenye kompyuta zisizo na intaneti. Amri ya sha256sum inatoa hashi (alama ya kutambulisha faili) ya herufi 64, nayo inalinganishwa na ile ya apt-cache show, amri inayosoma orodha ya vifurushi iliyomo kwenye kompyuta. Shida ni kwamba orodha ya Gulu ni ya zamani, toleo jipya halimo. Kuweka hashi kwenye flashi hiyohiyo ni bure: anayebadili faili atabadili na hashi. MD5 (aina ya zamani ya hashi) msinitajie, ilivunjwa 2004.

Je, nikibeba InRelease (faili ya Debian yenye saini na hashi ya Packages) na Packages (orodha ya vifurushi na hashi zao), nikague saini kwa programu ya gpgv na debian-archive-keyring (funguo rasmi za Debian) iliyopo tayari Gulu, kisha hashi ya Packages, halafu ya faili, inatosha? Au kuna njia fupi zaidi kabla ya kusakinisha kwa dpkg -i?