Naomba ushauri: nimepewa dakika 3 jukwaani kueleza umri wa mbu mbele ya wananchi wa Bagamoyo

Mtafiti wa Dunda

Wanajukwaa, habari za wakati huu, na shikamoo kwa wote wanaostahiki.

Mimi ni mtafiti kijana, ninaishi na kufanya kazi hapa Bagamoyo. Nimekubali kushiriki shindano la watafiti litakalofanyika mjini mbele ya wananchi, ambapo kila mshiriki atakuwa na dakika 3 za kueleza kazi yake kwa namna ya kuelimisha na kuburudisha, bila projekta, akiruhusiwa kuja na kifaa anachoweza kukishika mwenyewe. Utaratibu umefuata ule wa FameLab, shindano lililoanzia Cheltenham, Uingereza, mwaka 2005, ambamo majaji hupima usahihi wa maudhui, uwazi wa maelezo na mvuto wa mzungumzaji.

Utafiti wangu unahusu umri wa mbu. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi anapomuuma mtu mwenye malaria hawi hatari papo hapo, kwa sababu vimelea alivyovinywa huhitaji kukua ndani ya mwili wake kwa siku 10 hadi 14 hivi, kutegemea joto la mahali, ndipo vifike kwenye tezi za mate. Na mbu wengi hufa kabla ya muda huo kutimia. Anayetuambukiza, kwa hiyo, ni yule aliyejaliwa kuishi muda mrefu. Ndiyo maana wataalamu wamehangaikia umri wa mbu kwa miaka mingi, na hata mwaka 1965 Gillies na Wilkes walichapisha utafiti mkubwa juu ya umri wa mbu wa kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Siku hizi tunajaribu kumwangazia mbu mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kisha kompyuta inasoma jinsi ganda la mwili wake linavyounyonya mwanga huo, kwa kuwa ganda hilo hubadilika kadiri anavyozeeka.

Katika mazoezi nilisema: "Mbu kijana hana hatia, mwogopeni mbu mzee." Wenzangu walicheka sana, na kesho yake hiyo ndiyo kauli pekee waliyoikumbuka. Msimamizi wangu hakuifurahia hata kidogo, kwani anahofia kwamba mzazi anaweza kurudi nyumbani akiamini kuwa mbu wengine si wa kuwajali, akaacha kuwachomekea watoto chandarua. Wenzangu nao wananiambia kwamba nikiiondoa nitabaki na mhadhara wa darasani na nitashindwa. Niibakize, niibadilishe au niiache kabisa? Naomba kuwasilisha.

Ngoma ya Pwani

Dada mleta mada, hongera kwa kukubali. Mimi nilisoma sanaa za maonyesho pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, na ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba hadhira yetu haipendi kukaa kimya kama inasikiliza hukumu ya mahakama. Ipe nafasi ya kujibu. Ukipanda jukwaani ukasema "Kitendawili!", ukumbi mzima utaitikia "Tega!" bila kufundishwa na mtu, na hapo utakuwa umeshawapata kabla hujataja hata jina la mdudu. Tega hivi: "Namnywesha sumu leo, haniulii mtu mpaka azeeke." Wakishindwa waombe mji, wakikupa Bagamoyo au Tanga uchukue, kisha fumbua.

Jambo la pili ni miguu. Watafiti wengi niliowaona wakizungumza hutembeatembea jukwaani kwa wasiwasi, na mtazamaji huishia kufuata miguu badala ya maneno. Simama mahali pamoja, sogea pale tu habari inapobadilika.

Dakika Tatu

Naunga mkono kitendawili, ila kwa tahadhari. Nimewahi kushiriki Three Minute Thesis, ambalo ni shindano la wanafunzi wa shahada za juu lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, wakati jimbo hilo lilipokuwa na ukame na watu wakihimizwa kuoga kwa kipima muda cha dakika 3 ili kuokoa maji. Huko unaruhusiwa picha moja tu isiyocheza, na ukizidisha muda unaondolewa mashindanoni. Mchezo wa kuomba mji unaweza kumeza sekunde 40, na ukumbi ukichangamka huwezi kuunyamazisha kwa kutazama saa. Tega, ngoja majibu mawili au matatu, fumbua mwenyewe. Andika maneno yasiyozidi 300, maana maneno yetu ya Kiswahili ni marefu kuliko ya Kiingereza na kicheko nacho kinataka muda wake.

Ningependa pia uwaulize waandaaji ni nani atakayepiga kura. Katika Science Slam, shindano la watafiti la Ujerumani, iliyoanza Darmstadt mwaka 2006, watazamaji ndio wanaoamua mshindi, na hapo kicheko kina uzito mkubwa. Wakiwapo majaji, kwa kawaida hukuuliza maswali ukimaliza, na kauli yako ya mbu kijana ndiyo watakayoanza nayo.

Mpasua Mbu wa Muheza

Binti yangu, marahaba. Nimestaafu baada ya kufanya kazi ya maabara kwa muda mrefu, na nimefurahi kuona kuwa bado kuna vijana wanaojali umri wa mbu. Ushauri wangu ni kwamba uuweke ule mwanga wa infraredi mwishoni, kwa sentensi moja au mbili, kwa sababu hakuna anayeweza kuuona ukiwa jukwaani. Waeleze tulivyokuwa tukiujua umri kwa hadubini.

Mbu jike ambaye hajawahi kutaga, ukimpasua na kutazama mfuko wake wa mayai, utaona mirija myembamba ya hewa imejiviringisha kwenye ncha zake. Akishataga mara moja, mfuko huwa umekwisha kutanuka, mirija hukunjuka na hairudi tena kujiviringisha. Kwa hiyo ukimtazama unajua kama ameshapita uzazi au bado. Chukua waya mwembamba ulioviringishwa, uushike juu, kisha uuvute unyooke mbele yao. Mtu aliyekaa kiti cha nyuma ataona, na mtoto wa darasa la tano ataelewa kwamba mwili wa mdudu mdogo namna ile unatunza kumbukumbu ya maisha yake. Kwangu mimi hilo linashinda kichekesho chochote.

Mhudumu wa Mlingotini

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa heshima zote naomba wachangiaji wasiichukulie hofu ya msimamizi kama ukali wa wazee. Ninapita nyumba kwa nyumba, na ninajua jinsi neno moja linavyosafiri. Watu hawabebi maelezo yote, wanabeba kile kilichowachekesha. "Mbu kijana hana hatia" itafika vijijini peke yake, bila siku 10 hadi 14 zinazoifafanua, na mimi ndiye nitakayeikuta mlangoni.

Hata hivyo nisingependa uuache ukweli huu, maana unajibu swali ambalo naulizwa kila mara: kwa nini nilale ndani ya chandarua chenye dawa ilhali jirani yangu hatumii? Jibu liko katika utafiti wako. Mbu anayetua kwenye dawa ikamuua leo hatafikisha umri wa kumwambukiza mtu yeyote, awe wewe au jirani. Mfanye mtu anayelala kwenye chandarua awe ndiye anayemkatisha mbu safari ya kuzeeka. Na uongeze hili, tena kwa sauti: gizani hakuna ajuaye umri wa mbu anayemuuma.

Mtafiti wa Dunda

Nawashukuru sana, hasa dada wa Mlingotini, kwa sababu nilikuwa nikiwafikiria majaji kuliko watu watakaotoka ukumbini. Nimeiondoa kauli ile. Baada ya kitendawili na waya wa mzee wa Muheza, sehemu ya kati sasa inasomeka hivi:

"Mbu anayekuambukiza malaria ni bibi kizee wa mbu. Amekunywa vimelea, akaishi siku kumi na zaidi, wenzake wengi wakafa njiani, yeye akafika. Lakini usiku, taa ikiwa imezimwa, utamuuliza nani umri wake? Humjui, nami simjui. Basi chandarua kisimbague yeyote, kwa sababu yule anayekufa leo akiwa kijana hatazeeka kesho kwenye nyumba ya jirani yako."

Nimeisoma kwa sauti, na pamoja na kitendawili bado nabaki na nafasi ya kusema habari ya infraredi. Msimamizi ameiona na ameipitisha. Kuhusu kura, waandaaji wamesema ni majaji.

Mpasua Mbu wa Muheza

Imekaa vizuri, binti yangu. Rekebisha mahali pawili tu. Sema "mbu jike" pale mwanzo, maana wapo wasiojua kwamba dume haumi. Na katika kitendawili, badala ya "haniulii mtu mpaka azeeke" sema "hamdhuru mtu kwa sumu hiyo mpaka azeeke", kwa sababu si kila anayeambukizwa hufa, na jaji mwenye taaluma atakukamata hapo.