Dave Gibbons alimsaliti Alan Moore, au alikula jasho lake?

Wakuu, tulijadili hili bila jazba.

Dave Gibbons ni mchoraji wa vibonzo wa Uingereza, kazaliwa 1949, alianza maisha kama mpimaji wa majengo. Mwaka 1977 alikuwamo kwenye toleo la kwanza kabisa la jarida la vibonzo la 2000 AD, akichora hadithi ya Harlem Heroes. Kilichomtangaza duniani ni Watchmen, kibonzo cha matoleo 12 cha kampuni ya DC Comics ya Marekani, 1986 hadi 1987. Alan Moore aliandika, yeye akachora.

Mkataba wao na DC ulisema kazi ikiacha kuchapishwa kwa mwaka mmoja, haki zinawarudia wenyewe. Enzi zile kibonzo kilikaa dukani mwezi tu, kikasahaulika, kwa hiyo sharti lilionekana tamu. Sasa hiki kikagoma kufa! Kinachapishwa mpaka leo, na haki hazijarudi. Moore akasusa. Filamu ya Watchmen ilipotoka 2009 hakutaka jina lake liwekwe, na fungu lake la pesa akasema apewe Gibbons. Gibbons yeye alishirikiana na watengeneza filamu, ndipo mashabiki wakaanza kumwita msaliti.

Mimi nasema wanamwonea. Fungueni toleo la tano: ukurasa wa kwanza unaakisi wa mwisho, wa pili unaakisi unaoutangulia huo wa mwisho, hivyo hivyo mpaka mnakutana katikati. Karibu kila ukurasa wa kitabu umegawanywa visanduku tisa, na ndani yake hadi doa la damu kwenye beji ya njano lina mahali pake. Mtu aliyekaa mezani kuchora yote hayo eti akatae malipo kwa sababu mwenzake kakasirika?

*Jibu la kwanza*

Mkuu, jasho ni lake, sikatai. Ila wawili mkidhulumiwa kwa karatasi moja, mmoja akigoma na mwingine akaenda kupiga picha na mwajiri, mgomo umekwisha. Mwaka 2012 DC walitoa Before Watchmen, vibonzo vya mambo yaliyotangulia Watchmen, Moore akipinga waziwazi. Gibbons angepaza sauti naye, wangeona haya kidogo.

*Mleta mada*

Haya? Kampuni? Wangetoa tu, karatasi wanayo wao. Na Moore mwenyewe ndiye aliyesema pesa zake apewe Gibbons. Aliyedhulumiwa hakuona ubaya mwenzake kulipwa, sisi uchungu tunautoa wapi?

*Jibu la pili*

Mnabishana usaliti, mimi nimekwama kwenye mkataba. Nachora vitabu vya watoto. Kimoja nilichora kurasa zote, sungura na fisi, nikalipwa mara moja. Mwaka juzi nikakikuta dukani kimechapwa upya, jalada jipya, jina langu limehamia nyuma kwa herufi za mchwa. Nilipopiga simu nikaambiwa nisome nilichosaini. Nikasoma, kweli nilikuwa nimeuza kila kitu.

Kwa hiyo naomba kuuliza wachoraji wenzangu: hicho kifungu cha kurudishiwa haki, hata kile kibovu cha Gibbons, kuna aliyewahi kukiona kwenye mkataba wake?