Naomba ushauri: kupiga picha usiku nyumba ya zamani ya shamba la mkonge kwa mwanga wa tochi

KijanaWaMuheza: Wakuu, heshima kwenu. Huku kwetu kuna gofu la nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, ya enzi ya Mjerumani. Chokaa imebanduka mawe yanaonekana, mlango umebaki na bawaba moja. (Wazee wanasema ina miaka mia mbili, lakini Hindorf, yule Mjerumani, kaleta mkonge huku 1893, hesabu wenyewe.) Nataka nyota juu, nyumba niichore kwa tochi. Nina kamera ya Nikon D3500, lenzi ya 18-55, stendi na tochi ya kuchaji. Naweka sekunde 30, f/8 (tundu la lenzi), ISO 400 (wepesi wa kunasa mwanga). Nyumba inatoka nyeupe bapa kama picha ya pasipoti, baraza jeusi tii. Nifanyeje?

BabaNuru: Mkuu, tochi unaiwashia wapi? Nahisi nyuma ya kamera. Mwanga wa hapo hauachi kivuli, na ukuta bila kivuli hauna sura. Shata (kilango cha mwanga cha kamera) ikishafunguka, nenda kwenye kona ya nyumba, nje ya fremu, mulika ukiuparaza ukuta kwa ubavu. Kila jiwe litatupa kivuli chake, hata kingo za chokaa iliyobanduka utaziona. Usitulize tochi mahali pamoja, ipitishe kama brashi. Baraza lipe zamu yake: jifiche nyuma ya nguzo, piga tochi darini mwanga urudi chini. Na uvae nguo nyeusi.

DadaShata: Mimi nisingefanya yote kwa picha moja. Stendi isiguswe, piga picha kadhaa, kila moja sehemu yake, kisha ziunganishe kwenye programu ya GIMP, ni ya bure. Ya anga iwe peke yake: f/3.5, ISO 1600, sekunde zisizidi 18, maana kwa lenzi yako ikiwa kwenye 18, ikizidi hapo nyota zinaanza kuvuta mkia. Fokasi ishike kwa kumulika mlango, halafu weka ya mkono. Tochi hizo zina ubluu, ifunge nailoni ya njano.

BabaNuru: Hiyo ni kupika picha, dada 😄

DadaShata: Mbichi nani anakula?

Mzigua90: Nyie mnaongelea shata, mimi naongelea usalama wake. Mtu kavaa nyeusi, saa nne usiku, anazunguka gofu na tochi! Atapigiwa yowe la mchawi kabla ya picha ya pili. Mdogo wangu, mchana nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mwenye shamba, omba ruhusa, na uondoke na kijana wa hapo hapo akushikie tochi ya pili. Kagua dari mchana huo huo, magofu ya mkonge yanapendwa na nyuki. Nyoka sisemi.

KijanaWaMuheza: Nimekuelewa kaka, kesho namwona mwenyekiti. Mwezi je? Sasa hivi ni mpevu.

DadaShata: Mpevu unafuta nyota. Baraza linatazama wapi?

KijanaWaMuheza: Magharibi.

DadaShata: Basi subiri mwezi wa siku tano au sita. Jua likishazama utakuwa upande huo huo, unaipaka nyumba mwanga hafifu usoni, tochi inabaki ya kugusia tu. Mwezi ukizama, saa nne au tano hivi, ndipo piga ile ya anga. Na zima ile ya kupunguza chenga (Noise reduction) kwenye menyu ya kamera, la sivyo kila picha utaingoja mara mbili.