Kapsuli ya Steam ya gemu ya kutisha ikipunguzwa inakuwa doa jeusi, nirekebishe nini?

KoronaDev:
Wakuu, naomba ushauri. Gemu ni ya kutisha, unaona kwa macho ya mhusika, modeli zake ni za poligoni (nyuso bapa) chache kwa makusudi. Mchezaji ni mlinzi kwenye kiwanda cha mkonge kilichofungwa, upande wa Tanga. Jina: "Mlinzi wa Zamu ya Usiku". Ukurasa wa Steam, duka la gemu la mtandaoni, bado haujafunguliwa.

Kapsuli ya sasa (picha inayoitambulisha gemu dukani) ina fuvu katikati, ukuta wenye damu, na jina kwa fonti inayochuruzika, nyekundu #8B0000 juu ya nyeusi. Kwenye skrini kubwa iko sawa. Kwenye orodha ya utafutaji haionekani kitu. Nibadilishe rangi tu au nianze upya? Na nichore moja kisha niikate kwa vipimo vyote, au kila kimoja peke yake?

Mpiga_Chapa:
Anza upya, mkuu, na anza na ndogo kabisa. Kapsuli ndogo unaipakia kwa 462x174, lakini Steam yenyewe huipunguza hadi 184x69 na 120x45. Hiyo ya 120x45 ndiyo watu wengi watakayokutana nayo kwanza. Jina lako lina herufi na nafasi 23. Ukiliweka mstari mmoja, kila herufi inapata pikseli tano na kitu. Hakuna fonti inayosomeka hapo, na hiyo ya kuchuruzika ndiyo kabisa, maana michirizi inaziba matundu ya "a" na "u". Gawa mistari miwili, "Mlinzi wa" juu kwa udogo na "Zamu ya Usiku" chini kwa ukubwa, au fupisha jina lenyewe kabla hujafungua ukurasa. Kwenye kapsuli ndogo jina lichukue karibu eneo lote, picha ibaki mandhari tu.

Kuhusu kukata: usikate. Kichwa cha ukurasa ni 920x430, kapsuli kuu 1232x706, ya wima 748x896, ya maktaba (orodha ya gemu alizonazo mchezaji) 600x900, na bango la maktaba 3840x1240. Moja ni ndefu kwenda juu, nyingine ina upana mara tatu ya kimo. Ukikata picha moja bapa, kwenye ya wima utampoteza mhusika, na kwenye bango utabaki na kidevu. Fanya faili moja yenye leya (tabaka) zilizotengana (mandhari iliyochorwa kupita kingo, mhusika, vitu vya mbele, ukungu, jina), kisha kwa kila kipimo zipange upya.

Rangi_na_Kivuli:
Tatizo lako la rangi linapimika. #8B0000 juu ya nyeusi ina kontrasti (tofauti ya mwanga) ya takriban 2.1 kwa 1. Juu ya bluu ya Steam, #1B2838, inashuka hadi kama 1.5 kwa 1. Maandishi ya kawaida kwenye tovuti hutakiwa walau 4.5 kwa 1. Rangi ya mfupa kama #E8DFC8 juu ya nyeusi inapita 15. Kwa hiyo jina liwe la mfupa, na nyekundu ibaki kitu kimoja kidogo, taa au tundu la ufunguo. Jambo jingine: JPEG hupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga, ndiyo maana kingo za nyekundu juu ya nyeusi huvurugika. Pakia PNG.

Giza nalo lina ufundi wake. Gemu za kutisha nyingi zina kapsuli nyeusi juu ya tovuti yenye rangi ya giza, basi kingo zinayeyuka na hujui picha inaishia wapi. Igeuze iwe kijivu, kisha ihesabu: unataka maeneo matatu ya mwanga yanayotofautika, yaani giza, kati, na kipande kimoja kidogo kinachong'aa. Kivuli cha mhusika kiwe mbele ya eneo la kati, kisiwe mbele ya giza. Taa ya nyuma yake ndiyo inayomchonga. Wengi wanaongeza mwangaza wa picha nzima wakidhani wametibu, kumbe wanapata kijivu kilichofifia na woga wote umekwenda.

MamaPikseli:
Fuvu litoe. Fungua lebo ya kutisha pale Steam uone mafuvu na mikono yenye damu ilivyojaa. Wewe una kitu ambacho hao hawana: katani iliyoanikwa. Safu za singa nyeupe zikining'inia kwenye nyaya usiku zinaonekana kama nywele, na kwa bahati nzuri ndilo eneo la mwanga wa kati analolisema Rangi_na_Kivuli. Msimamishe mtu mweusi kati ya safu mbili, tochi ya mlinzi itoke chini kushoto, basi. Asiyewahi kuona mkonge hatajua ni nini, na kutojua huko kunakusaidia.

KoronaDev:
Asanteni sana. Safu za katani zimo kwenye ramani ya pili, kwa hiyo sitakuwa namdanganya mtu. Je, jitu lionekane au lifichwe? Na nikitumia modeli zangu kwenye Blender, programu ya 3D, badala ya kumlipa mchoraji?

dirishani:
Lionyeshe. Kapsuli isiyo na kiumbe inafanana na gemu ya upelelezi, utawaita wateja wasio wako.

MamaPikseli:
Sikubaliani moja kwa moja, dirishani. Uso ufichwe, lakini hatari ionekane. Mtu kati ya katani awe na kosa moja la umbo, mkono unaofika chini ya goti kwa mfano, na likae kwenye ukingo wa nje wa kivuli ili lionekane hata picha ikiwa ndogo. Macho mawili yanayong'aa yasitumike, yamechosha.

Rangi_na_Kivuli:
Blender inatosha, na ina faida kwamba kapsuli itafanana na gemu. Mchoro wa mafuta mbele ya gemu ya poligoni chache huleta malalamiko. Kamera iweke chini, kimo cha goti, lenzi ya milimita 28 hadi 35. Taa kali moja nyuma ya kiumbe, nyingine dhaifu ya njano kwa tochi. Ukungu wa ujazo uwe mwepesi, anza na msongamano wa 0.02, ukizidisha, kivuli kinamezwa. Kuanzia Blender 4.0 mpangilio wa rangi wa kawaida ni AgX, ambao hulainisha kontrasti, kwa hiyo chagua mwonekano wenye kontrasti kubwa zaidi au rekebisha kwenye Krita, programu ya kuchorea, baadaye. Toa kila leya kwa upana wa 3840 na nafasi ya ziada pembeni.

Ukimlipa mchoraji, andikianeni mapema: faili yenye leya, jina kwenye faili lake lenye usuli wazi, na haki ya kutumia kwenye matangazo. Kama kuna kilichotengenezwa na akili bandia, hata picha ya duka tu, kwenye dodoso la Steam kinatakiwa kutajwa.

Mpiga_Chapa:
Naongeza ya kanuni, maana ukaguzi hukwama hapa. Tangu Septemba 1, 2022 kapsuli za kawaida hubeba mchoro, jina la gemu na jina dogo rasmi tu. Usiandike "Demo ipo", nukuu za wahakiki, nembo za tuzo wala punguzo la bei. Bango la maktaba halitakiwi maandishi kabisa. Nembo inapakiwa pembeni kama PNG yenye usuli wazi, na kitu muhimu kikae ndani ya 860x380 katikati, kwani kingo hukatwa dirisha likibadilika.

Picha za skrini ziwe walau tano, 1920x1080, za mchezo wenyewe. Damu nyingi iache kwenye zile ambazo hutazitia alama ya kufaa rika zote. Zile za mwanzo zitofautiane rangi: moja ya korona (mashine ya kuchambua mkonge) kwa taa ya njano, moja ya katani kwa mbalamwezi, moja ya ofisi. Ukiweka korido nne za giza mfululizo, mtu anahisi ameona moja.

dirishani:
Kupima: piga picha ukurasa wa utafutaji, bandika yako ya 120x45 katikati ya wengine, tazama kwenye simu mwanga ukiwa nusu. Ukifungua ukurasa, angalia kwenye Steamworks (tovuti ya Steam kwa watengenezaji) idadi ya mara kapsuli ilivyoonyeshwa na waliobofya, chanzo kwa chanzo. Steam haikugawii watazamaji makundi mawili, hivyo badilisha kitu kimoja, subiri wiki mbili, linganisha chanzo kilekile. Usibadilishe wakati wa Next Fest (tamasha la demo la Steam) au mauzo ya msimu, takwimu zitachanganyika.

KoronaDev:
Nimeelewa. Itch.io, lile duka jingine la gemu, nako nitumie ya 920x430?

Mpiga_Chapa:
Hapana, kule jalada ni 630x500. Ipange kutoka kwenye ile ya wima, kata chini, jina lipande juu.