Saa ya marehemu baba inasimama nikiwa zamu: niiache ilale au niitingishe kila siku?

MkungaWaTemeke

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba kuelekezwa na wenye kuzijua saa.

Baba yangu alikuwa dereva wa treni TAZARA, njia ya Dar hadi Kapiri Mposhi. Mwaka 2001 alirudi safari na Seiko 5 mkononi. Amefariki mwaka juzi, na mama akanikabidhi mimi ile saa kwa sababu utotoni ndiye niliyekuwa nikimshika mkono baba na kuutega sikio. Uso wake ni wa bluu iliyokolea, ina siku na tarehe, mgongo ni wa kioo hivyo unaona vyuma vikizunguka ndani. Haina betri.

Shida ni kazi yangu. Wodini hatuvai chochote kuanzia kiwiko kushuka chini, saa yangu ya kazi nabandika kifuani. Ya baba naivaa siku za mapumziko, kanisani na kwenye harusi. Zamu tatu za usiku zikifuatana, nikirudi naikuta imesimama. Mara ya kwanza ilikuwa imegoma saa tisa na dakika kumi, nikakaa kitandani nikalia, nikaona nimeiua.

Sasa nauliza: kusimama kunaidhuru? Jirani anasema niitingishe kila asubuhi. Kaka yangu anasema ninunue kile kimashine cha kuizungusha. Mimi kwa sasa naiweka sebuleni juu ya sabufa, pembeni ya picha ya baba, ili nikiingia niione. Na tangu mvua za masika zianze mkanda wake wa ngozi umeota ukungu mweupe. Jambo jingine, hizi wiki za karibuni inakimbia mno, hata dakika nne kwa siku. Wakati wa baba haikuwa hivyo, maana yeye na dakika walikuwa ndugu.

KijanaWaSinza

Pole sana dada kwa msiba. Kwa unyevu, iweke kwenye kopo la mchele, mchele unavuta maji. Halafu itingishe kila asubuhi kama jirani alivyosema, saa hizi hazitaki kulala.

FundiSaaMsimbazi

Dada, pole na hongera kwa kuitunza. Nimekaa kwenye meza ya saa miaka 27 hapa Kariakoo, na zilizopita mikononi mwangu nyingi zaidi ni hizo Seiko 5. Hujaua kitu.

Saa yako ndani ina kamani, yaani springi inayoiendesha, na juu ya mashine kuna kile kipande kizito cha nusu duara unachokiona kupitia kioo cha mgongo. Mkono ukitembea, kinazunguka na kuijaza kamani. Soma maandishi madogo ya mgongoni, kwa mwaka huo naamini utakuta 7S26. Ikijaa vizuri mashine hiyo inakwenda kama saa 40 hivi baada ya kuivua. Ukiivua Jumatatu jioni, Jumatano mchana inalala. Kulala huko ni kuishiwa nguvu tu, hakuna kinachovunjika. Ikiwa inatembea inapiga mara sita kila sekunde, yaani mara 21,600 kwa saa moja. Hebu fikiria chuma kinachofanya hivyo usiku na mchana. Kikipumzika siku tatu hakidhuriki.

Kuitingisha kila asubuhi ni kujichosha bure. Siku unayotaka kuivaa, ishike ilale uso juu, iyumbishe kushoto na kulia taratibu kwa nusu dakika hivi. Itaamka. Panga majira, vaa, mkono utamaliza kazi. Usiigongegonge kiganjani, nawaona watu wakifanya hivyo nasikia maumivu mimi. Hiyo 7S26 haitiwi ufunguo kwa kifundo cha pembeni, hata ukizungusha hadi kidole kiote sugu haijai, kwa hiyo usikilazimishe.

Mchele hapana. Kijana amekutakia mema lakini mchele una unga, na unga ukipenya kwenye kifundo unageuka uji pamoja na mafuta. Tafuta vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Jambo linaloziumiza saa zinazolala na kuamka ni tarehe, na hapa nakuomba usome mara mbili. Kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, meno ya kubadilisha siku na tarehe yanakuwa yameshikana. Ukivuta kifundo hatua ya kwanza na kurusha tarehe wakati huo, unaweza kuyakata. Na ubaya wake ni kwamba saa ikishasimama hujui imesimamia usiku au mchana. Hiyo saa tisa na dakika kumi uliyoikuta ilikuwa ya usiku au ya alasiri? Huwezi kujua kwa kuitazama. Kwa hiyo vuta kifundo hadi mwisho, peleka mishale mbele mpaka uone tarehe inaruka. Hapo ni saa sita usiku. Endelea mbele mpaka saa mbili asubuhi. Sasa rudisha kifundo hatua moja, panga siku na tarehe ya JANA. Kisha vuta tena hadi mwisho, sogeza mishale mbele ipite usiku wa manane hadi ufike majira ya sasa. Kama sasa ni jioni, ipitishe kwanza asubuhi na mchana. Dakika moja inatosha.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi. SABUFA. Dada, ndani ya spika kuna sumaku kubwa. Ndani ya saa kuna springi nyembamba kama unywele, iliyojikunja mizunguko mingi isiyogusana. Ikishikwa na sumaku mizunguko inanatana, springi inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia. Dakika nne kwa siku ndiyo dalili ninayoiona kila wiki kwa watu wanaolaza saa juu ya spika, au kwenye mkoba wenye kifungo cha sumaku. Mafuta yaliyotambaa hadi kwenye springi nayo huleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo tupime kwanza. Una dira? Isogeze saa taratibu, mshale ukichezacheza kwa nguvu, tumempata.

BabaZaituni

Kuhusu kimashine cha kuzungusha: nilikuwa nacho miaka miwili, cha saa mbili. Nilikiuza. Kinaunguruma chumbani usiku, umeme ukikatika kinasimama na saa zinalala vilevile, na saa ikizungushwa mwaka mzima inachakaa mwaka mzima. Namwelewa mwenye saa yenye kalenda ndefu, ya mwezi na mwaka, ambayo kuipanga upya ni kazi ya saa nzima. Kwa siku na tarehe, hapana. Pesa hiyo ampe fundi aioshe.

MkungaWaTemeke

Shikamoo fundi. Nimesoma mara tatu, si mbili.

Mgongoni kweli imeandikwa 7S26. Dira sikuwa nayo, nikaazima mswala wa jirani yangu ambao una dira ya kibla imeshonewa juu. Nimeisogeza saa na ule mshale ukaruka kama umeshtuliwa, jirani mwenyewe akasema "eeh!" Nimeitoa kwenye sabufa dakika ileile.

Lile la tarehe limenitisha. Mimi nilikuwa narusha tarehe nikirudi tu zamu, bila kuangalia chochote. Kwenye saa yangu namba 4 ndipo kilipo kifundo, kwa hiyo kila nikikivuta nitakumbuka: hapo kwetu ni saa kumi, kabla ya saa kumi alfajiri siigusi tarehe.

Na je mkanda? Na mara ya mwisho kuoshwa ninavyojua mimi ni kabla baba hajastaafu, 2009.

FundiSaaMsimbazi

Marahaba mwanangu. Hiyo ni sumaku bila shaka. Kuitoa ni kazi ya sekunde chache, fundi yeyote mwenye kifaa anapitisha saa juu yake bila hata kuifungua. Usikubali mtu akuambie lazima abadilishe mashine.

Ila tangu 2009 ni mbali. Mafuta yanakauka hata saa ikiwa imelala, na kutembea bila mafuta ndiko kunakokula vyuma. Ioshwe, itiwe mafuta mapya, na ule mpira wa mgongoni ubadilishwe, maana joto la hapa na jasho vinaukausha. Baada ya hapo, kila miaka mitano hivi. Kabla ya kufungua mwambie fundi asiling'arishe kasha. Mikwaruzo ya baba yako ikishafutwa hairudi.

Ngozi na Dar es Salaam haviivani. Futa ukungu kwa kitambaa kikavu, anika kivulini, na ukiweza weka mkanda wa chuma kwa ajili ya masika. Ukivua saa, ifute jasho kwanza ndipo uilaze. Iweke kwenye kikopo chenye mfuniko pamoja na vipakiti, ndani ya droo, mbali na simu, spika na naftalini. Wiki mbili tatu zikipita bila zamu kukuruhusu, ivae jioni moja ukipika.

MkungaWaTemeke

Narudisha majibu. Jumamosi nimeipeleka kwa fundi wa karibu na nyumbani. Ameitoa sumaku mbele ya macho yangu, na ile ya kuosha nimemwachia siku nne. Alipoifungua alinionyesha mafuta, yamekuwa ya kahawia kama gundi. Kasha hakuling'arisha, kuna mkwaruzo mrefu upande wa kushoto ambao baba aliupata akifunga mlango wa injini pale Mlimba, nao upo.

Nimeipima kwa redio kwa siku tano sasa. Inaongeza sekunde 11 kwa siku. Mama ameibandika sikioni akasema ndiyo sauti yake.

Imehamia kwenye kopo la biskuti, droo ya chumbani. Vipakiti nimepata sita kwenye duka la viatu. Fundi, vikae muda gani kabla ya kuvibadilisha?

FundiSaaMsimbazi

Wakati wa masika vibadilishe kila mwezi. Kiangazi hata miezi mitatu. Na kopo ulifungue kwa haraka, usiliache wazi ukienda kuoga.