Batoto batatu, kila mumoja na ugonjwa wake, nifanye aje?

Mama_Katuba: Jambo bandugu. Niko na batoto batatu hapa Lubumbashi na nimechoka kabisa. Wa kwanza iko SS (ule ugonjwa wa damu, selimundu), wa kati hasikii tangu menenjiti, wa mwisho anaanguka kifafa tangu malaria ilimupanda kichwani. Sasa baridi ya mwezi wa 6 imeingia, usiku, yule wa kwanza analia mifupa, nawasha mbabula (jiko ya makaa) namukanda miguu na kitambaa cha moto, nikigeuka wa mwisho ameanguka, na wa kati ananivuta kikwembe anataka kujua kuko nini na sina namna ya kumuelezea. Wifi yangu wa Likasi anaomba huyu wa kifafa akae kwake likizo yote. Nimupe ao nikatae?

Baba_Pacha: Mulipima damu mbele ya ndoa? Baba AS na mama AS, ni kusema wote wawili wanabeba SS bila kuugua, kila mimba iko na hatari 1 juu ya 4 ya kuzaa SS. Vijana munaosoma hapa, mupime mbele ya kupeleka mahari!

Mama_Katuba: Batoto wamekwisha kuzaliwa baba. Niliuliza juu ya Likasi.

Tantine_Ruashi: Pole mamu. Dada yangu iko SS, mama alikuwa anamufukuza na chupa ya mayi nyumba nzima, soksi mbili mbili, leo ameolewa na iko na batoto. Mayi mingi, asidi foliki kila siku, na uliza docta juu ya dawa ya idroksiurea, inapunguza krizi za maumivu. Akipata homa usingoje kuche. Na mbabula usilale nayo na dirisha imefungwa, ile hewa inaua.

Muganga_Kenya: Huyu wa kifafa anakunywa dawa gani? Wifi atajua kumupa saa yake?

Mama_Katuba: Ile docta aliandika.

Muganga_Kenya: Jina, mama.

Mama_Katuba: Fenobarbitali. Lakini kwa sasa hakunywi, tangu juma iliyopita. Wifi anasali fasi moja kule na mutumishi wa Mungu alisema tusimamishe dawa mbele ya maombi. Musianze kunihukumu, ile dawa inamulaza darasani mpaka mwalimu analalamika, mimi njo mama yake namuona. Na busi nimekwisha lipa.

Muganga_Kenya: Mama, fenobarbitali haisimamishwi mara moja. Mwili umeizoea, ukiitoa ghafula kifafa kinarudi na nguvu, anaweza kuanguka moja juu ya ingine bila kuamka katikati, na hiyo inaua. Usingizi docta anautengeneza, anampima kilo anageuza kipimo ao anabadilisha dawa pole pole. Maombi na dawa havigombani, mimi mwenyewe nasali. Umupeleke leo, usianze kumupa tena kwa kukisia.

Mzee_Kolwezi: Akianguka umuweke kijiko kwa meno, kwetu tulifanya vile.

Muganga_Kenya: Hapana mzee, kijiko kinavunja meno! Mulaze ubavu, kitu laini chini ya kichwa, mudomoni usiweke kitu. Ikipita dakika 5, mbio hospitali.

Mwana_Kamalondo: Mimi siamini. SS, kiziwi, kifafa, mutumishi, vyote nyumba moja? Kesho mutaona namba ya M-Pesa. Aweke picha ya dawa.

Tantine_Ruashi: Umeshalala na mutoto hospitali wewe? Menenjiti inaua masikio, malaria ya ubongo inaacha kifafa, SS iko kila kartie. Kwa mama mumoja vyote vinaweza kuingia.

Baba_Pacha: Lakini kweli pale mwanzo alificha mambo ya dawa...

Mama_Katuba: Sikuomba franka ya muntu, na picha hamtaipata. Muganga, nimemupigia bwana yangu, iko na kamyo Kasumbalesa, amesema nirudi kwa docta, nitaenda mchana. Lakini Likasi ataenda tu. Nahitaji kulala.

Muganga_Kenya: Kulala ni haki yako. Aende kama docta amekubali, na wifi aandikiwe saa za dawa kwa karatasi, aahidi hataikata.

Mama_Katuba: Sawa. Na huyu wa kati? Hakuna hata mumoja alisema kitu juu yake.

Mama_Bongonga: Mimi wangu pia hasikii. Usingoje shule, muanze alama zenu nyumbani: krizi, docta, dawa, usiogope. Na kaka yake na mudogo wake wajifunze pia, asikae peke yake usiku ule. Niandikie pembeni, nitakuonyesha zile sisi tunatumia.

Mwana_Kamalondo: Bado nangoja picha.